Uzoefu wangu: sintesaiza ya bure iliyokubali kupiga rasti

Anayepiga taarabu kwa kinanda anaijua shida hii: rasti, moja ya maqamu, yaani mipangilio ya nota ya muziki wa Kiarabu, haikai. Ukianzia C, nota ya tatu inatakiwa ikae kati ya E na E flati, na kinanda cha kawaida pale kati hakina kitufe. Wengi wetu tunapiga E ile ile ya kila siku, na fidla inavutana na kinanda wimbo mzima. Wengine husukuma gurudumu la kupindisha sauti, lakini hapo mkono wa kushoto unakuwa umeshapata kazi nyingine na wimbo unabaki na mkono mmoja.

Vinanda vyenye vitufe vya kushusha nota robo vipo, Korg na Yamaha wanavitengeneza. Bei yake mimi siifikii. Nilichokuwa nacho hapa nyumbani Unguja ni laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, hedifoni, na kibodi ndogo ya MIDI, ile ya kupigia sauti zilizomo kwenye kompyuta, ya vitufe 25 niliyouziwa na kijana aliyekuwa anahama. Kabla ya hapo nilishawahi kuletewa kwenye flashi programu ya ghali iliyovunjwa kufuli. Iliingia na virusi, na rekodi zangu za mwaka mzima zikapotea. Tangu siku hiyo nikaapa: nitatumia cha bure kilicho halali au cha bei ninayoiweza.

Nimejaribu nyingi, na iliyobaki moyoni ni Surge XT, sintesaiza ya kwenye kompyuta, yaani programu ya kutengeneza sauti za ala. Aliyeiandika mwanzo ni Claes Johanson, akaiuza kwa jina la Vember Audio, kisha mwaka 2018 akaifungua ikawa programu huria. Watu wa kujitolea wakaipokea, na toleo la XT likatoka 2022. Inakubali Windows, Mac na Linux. Ndani yake mna sauti zilizokwisha kutengenezwa zaidi ya 2,000, lakini mimi hizo sizihesabu sana. Nyingi ni za muziki wa klabu. Kilichonifanya nikae nayo ni kwamba inakuachia upange kila nota ikae wapi.

Namna yenyewe ni rahisi kuliko nilivyoogopa. Oktava imegawiwa vipimo vidogo viitwavyo senti, 1,200, yaani kila kitufe na jirani yake wanaachana kwa senti 100. Unafungua Notepad, mstari wa kwanza unaandika jina lolote, mimi niliandika "rasti". Mstari wa pili 12, maana vitufe vya oktava moja ni 12. Halafu unashuka, kila nota na mstari wake: 100.0, 200.0, 300.0, 350.0, 500.0, 600.0, 700.0, 800.0, 900.0, 1000.0, 1050.0, na mwisho 2/1, ambayo ndiyo C ya juu. Angalia E imekuwa 350 badala ya 400, na B imekuwa 1050 badala ya 1100. Hifadhi kwa jina linaloishia na .scl, na uhakikishe kompyuta haijakubandikia .txt nyuma yake. Kisha livute faili hilo uliangushe juu ya dirisha la Surge. Basi. Usisahau nukta tu: ukiandika 350 bila nukta, programu inaisoma kama mara 350, na sauti inaruka kusikosikika.

Nilipobonyeza C, D, E, F kwa mara ya kwanza nilinyamaza. Nilikuwa nimeipata ndani ya chumba changu, bila kumwazima mtu kinanda.

Kilichonifurahisha zaidi nilikigundua baadaye. Faili lile moja linabeba maqamu tatu. Rasti ya C iko, tumeshaiona. Anzia D ukapite E ile ile iliyoshushwa, F, G, A, B flati na C, hiyo ni bayati. Na hijazi ya D nayo imo, kwa sababu E flati na F shapu hazikuguswa. Kwa nyimbo nyingi tunazopiga kwenye harusi, hapo umeshamaliza.

Ila sikio la mzee halidanganywi na tarakimu. Jirani yetu ni mpiga fidla wa siku nyingi, nikamwomba aje asikilize.

"Shikamoo, babu. Nataka unisikilizie hii rasti."

"Marahaba, mwanangu. Piga."

Nikapiga. Akafumba macho, akaichukua fidla, akaivuta nota ile ile pembeni yangu.

"Ya tatu hiyo iko chini. Hiyo ni ya bayati. Ya rasti ipandishe kidogo."

Nikaandika 355, akatikisa kichwa. Nikaandika 360, akatabasamu, akasema nirudi nyuma kidogo. Tukakubaliana 358, na kwa bayati tukateremka mpaka 345. Sasa nina mafaili mawili, na kila moja lina sikio lake ndani. Sijui kinanda gani cha laki kadhaa kingenipa nafasi ya kukaa na mzee na kubishana juu ya senti mbili.

Sauti ya ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kuchapwa, nayo nimeitengeneza humo humo. Kwenye orodha ya oskileta, yaani vyanzo vya sauti, kuna moja inaitwa String, inayoiga waya unaochapwa. Ganuni ya kweli kwa kawaida hufunga nyuzi tatu kwa kila nota, na kule kutokulingana kwao kidogo ndiko kunakoifanya ing'ae. Oskileta hii ina nyuzi mbili, na kuna kitufe cha kuzitenganisha. Nimezitenganisha kiasi kidogo tu, nikafupisha muda wa mlio, nikaongeza ugumu wa waya. Haijawa ganuni, sitamdanganya mtu. Ikisimama peke yake inajulikana. Ikiwa nyuma ya fidla na dumbak, inatosha kabisa kwa rekodi ya kumwonyesha mwimbaji wimbo unakwendaje.

Penye uzito ni kubadilisha maqamu katikati ya wimbo. Mpiga ganuni anageuza vile vijiti vyake vya chuma, nota inapanda au inashuka huku mkono mwingine unaendelea. Kwenye kompyuta lazima upakie faili jingine. Nyumbani, kwenye kurekodi, hakuna tabu: nafungua Surge mbili, kila moja na faili lake, kila moja na mstari wake. Jukwaani mbele ya watu mimi sijathubutu.

Mbili nyingine zinastahili kutajwa. Dexed ni ya bure na inaiga Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Ukitaka kinanda cha umeme cha miaka ile, kile chenye mlio wa kengele, usihangaike kwingine. Faili la .scl nayo inalipokea, na kompyuta dhaifu haiisikii. Vital ya Matt Tytel, iliyotoka 2020, ina toleo la bure lenye injini nzima. Wanaolipa wanaongezewa zaidi sauti. Ni nzuri kwa besi na kwa zile sauti ndefu za nyuma, na michoro yake inayotembea inakufundisha kwa macho sauti inavyoundwa. Laptopu yangu ndogo haikuihimili pamoja na vingine, kwa hiyo naitumia peke yake, nairekodi, naifunga.

Kurekodi natumia Reaper. Unaijaribu siku 60, kisha leseni ya watu wa kawaida ni dola 60. Kwangu ndiyo pesa pekee iliyotoka kwenye kazi hii yote upande wa programu, na niliilimbikiza kwa malipo ya harusi mbili. Asiyekuwa nayo asizuiwe: Surge, Dexed na Vital zote zinafunguka zenyewe bila programu ya kurekodi, ukapiga na kufanya mazoezi.

Kwa mwenye Windows, ukibonyeza kitufe na sauti ikachelewa kuja, weka ASIO4ALL, kiendeshi cha sauti, nacho ni cha bure, kisha punguza bafa, yaani kile kipande cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kabla ya kukitoa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 512 inachelewesha kama milisekunde 12, na ya 256 karibu 6. Mimi nimekaa kwenye 256. Nikishuka zaidi sauti inaanza kukwaruza.

Wiki iliyopita babu amerudi. Safari hii anataka saba, na D, E na F zake anasema hazikai kama za bayati hata kidogo. Faili la tatu tumeshalianza.