Gboard na alama za Kiingereza zilizosahaulika: ni bure na ni nzuri sana ‽

Natumia Gboard, ile kibodi ya Google, kwenye Android na leo naisifia kwa kitu kimoja ambacho watu wengi hawakijui, nenda upande wa namba na alama halafu shikilia ? usiachie kidole, utaona ‽ inatokea. Hiyo ni interobangi, yaani alama ya kuuliza na ya mshangao zimeunganishwa, aliibuni Mmarekani Martin Speckter mwaka 1962, jamaa alikuwa mtu wa matangazo ya biashara na aliona alama moja itapendeza kuliko kupanga ?! kila mara. 1968 Remington wakaiweka mpaka kwenye taipureta, ikavuma kidogo halafu ikapoa, na kiukweli inaniuma maana sentensi kama "Umeuza shamba‽" sioni alama nyingine inayoitosha.

Shikilia na * utapata † na ‡, zile za maelezo ya chini ya ukurasa. ¶ ya aya na § ya sehemu pia zimo. Kwa sisi tunaohariri Kiingereza kwa simu hii ni raha, hakuna tena kuhangaika kukopi na kupesti.

Ile ⸮, yaani alama ya kuuliza iliyogeuzwa, ya Henry Denham, mchapishaji wa London miaka ya 1580, aliyoitumia kwa maswali yasiyotaka jibu, hiyo bado unaikopi mtandaoni, na angalia unamtumia nani maana simu zenye fonti za zamani zinaonyesha kiboksi kitupu tu. Natamani sana waiongeze. Nyota tano toka kwangu, jaribuni.