Duka la tairi Kirinyaga Road: kwa saizi wako sawa, kwa upepo waangalie

Ukiingia Kirinyaga Road kutoka raundabauti ya Globe, kabla wale vijana wa spea hawajakuzingira, kuna kaduka ka tairi mkono wa kushoto. Halina jina la maana, bango ni tairi na betri tu kama mengine yote, utalijua kwa mzee wa dastikoti ya bluu anayekaa juu ya rimu kuukuu hapo mlangoni. Naandikia watu wa pikapu za kazi, wa gari za kwenda ofisi sidhani kuna tofauti kubwa na duka la jirani.

Yangu ni Hilux ya milango miwili, inabeba chakula ya kuku na siku zingine simiti kutoka Industrial Area hadi Ruai, kile kipande cha mwisho ni marramu. Stika ya mlangoni inasema 205R16C, yaani upana milimita 205 na rimu ya inchi 16. Sasa hii saizi inachanganya wauzaji wengi juu haina ile namba ya katikati, ile 70 ama 65, na ikikosekana kwa tairi za hivi jua tu kimo cha ukuta wa tairi ni kama asilimia 80 na kitu ya upana wake. Kuna mahali nilipitia kwanza kijana akaniambia hiyo ni saizi ya kizamani, nichukue 265/70R16 gari isimame juu kama ya mwanaume. Duka la pili nao wakatoa 205/60R16 za gari ndogo, eti si ni 205 na si ni 16, shida iko wapi?

Shida iko kwa uzito buda. Kwa ubavu wa tairi baada ya saizi kuna namba, hii yangu kawaida ni 110/108, ya kwanza ndio unaangalia, ile ya pili ni ya gari zenye tairi mbilimbili nyuma. 110 maana yake tairi moja inabeba kilo 1060. Hizo 205/60R16 nyingi ni 92, yaani kilo 630. Piga hesabu ya tairi mbili za nyuma, 2120 kwa 1260, halafu kumbuka mifuko 20 ya simiti ni tani moja na bado hujahesabu gari yenyewe. Alafu ile herufi C mwishoni si pambo, ni tairi ya gari ya biashara, ukuta wake ni mgumu.

Mzee wa dastikoti hata hakuuliza pesa ngapi niko nazo. Swali la kwanza, "bosi, unabeba nini na unapitia wapi?" Akafungua mlango akasoma stika mwenyewe, alafu akachungulia nyuma ya rimu akitafuta chapa, 6J, yaani rimu ni upana wa inchi 6, juu anasema pikapu nyingi zimebadilishwa rimu na wenyewe hawajui na stika pekee haitoshi. Nikamuuliza kuhusu zile 265/70R16. Akacheka. Hizo zinataka rimu ya inchi 7 kwenda juu, ukizibana kwa 6 tairi inavimba katikati na kuisha hapo hapo katikati, alafu kimo ni kama sentimita 3 na nusu zaidi kwa hivyo ukikata kona kali inasugua madigadi, spidomita ikisoma 80 wewe uko karibu 84, na ukiwa na mzigo kwa mlima injini inalia. Akasema ningekuwa na rimu za 7 angeniwekea 245/70R16 maanake kimo chake ni milimita 749, karibu sawa na zangu, lakini bado angeangalia kwanza namba ya uzito. Sijawahi kupata muuzaji anakataa kukuuzia kitu cha bei zaidi, na kwa hiyo peke yake nawapa alama zao.

Pia alinikataza kununua mbili tu. Yangu ni ya 4x4, na kama mzunguko wa mbele na nyuma unatofautiana ukiweka 4x4 mahali pakavu gia zinavutana mpaka kitu kivunjike. Nikachukua nne, spea ikabaki ile ya zamani yenye meno.

Sasa yale hayakunifurahisha. Tairi zilipotoka stoo, moja ilikuwa na tarehe ya mbali kabisa, tatu ziliandikwa 4123 na moja 0821, yaani wiki ya 8 ya 2021. Hizo tarakimu nne za mwisho za DOT, ile chapa ya ubavuni inayoonyesha tairi ilitengenezwa lini, soma mwenyewe kabla hazijafungwa. Nilikataa, akabadilisha bila kelele, lakini kama singeinama kuangalia ningeenda nayo. Bei nayo ni kama elfu moja juu ya jirani kwa kila tairi, balansi unalipa kando.

Na yule kijana wa upepo, wueh. Alijaza zote nne sawasawa, PSI 35, mbele nyuma, bila kuuliza. Stika ile ile mzee alisoma ina kipimo cha mbele na cha nyuma, na cha nyuma ukiwa na mzigo kiko juu zaidi, tairi ya C ikibeba tani na upepo wa gari ndogo inapata moto ukutani na hapo ndo zinapasuka kwa lami ya Kangundo Road saa saba mchana. Ilibidi nimwite mzee aje amwambie mwenyewe. Kwa hivyo beba kipimo chako ama simama hapo hapo na umwonyeshe stika.

Alaimenti hawana mashini, watakutuma kwa mtu wao huko nyuma, mimi nilienda kwingine nikapewa karatasi ya vipimo. M-Pesa wanachukua. Enda asubuhi mapema, ikifika saa nne hapo mbele pa kuegesha hakuna na askari wa kanjo wako na mnyororo.