Niliuziwa Pomeranian wa "kikombe", sasa anajaza kapu la vitunguu

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnisamehe mapema.

Mwaka jana, mvua zikiwa bado hazijaanza, nilinunua Pomeranian, wale mbwa wadogo wenye manyoya mengi, kwa muuzaji mmoja wa Dar. Simtaji, na si kwamba namwogopa. Laki tisa, nauli ya basi juu yangu. Mtoto alifika stendi yetu hapa Dodoma usiku, kwenye boksi la mafuta ya kula lililotobolewa matundu, anatetemeka. Kweli alikuwa kama chungwa lenye manyoya. Nikasahau laki tisa zangu palepale, nikampa jina la Zabibu.

Ahadi ninayo kwenye simu mpaka leo: "Huyu ni wa kikombe, dada. Akizidi sana ni kilo mbili. Utamtia kwenye mkoba uende naye popote." Mkoba nilinunua. Wa kahawia, una dirisha la wavu. Upo juu ya kabati, natunzia chaja mbovu.

Mwezi wa nne au wa tano manyoya yakapukutika, miguu ikarefuka, akawa kama kima aliyelowa. Nikaambiwa ni kawaida yao, nikatulia. Manyoya yakarudi, ila miguu haikusimama. Watoto wa hapa mtaani Kisasa waliokuwa wanamwita mdoli wakaanza kumwita simba. Mimi nikawa namtetea: ni manyoya tu hayo, mkimwosha mtaona.

Nikamwosha. Nikaona.

Jumamosi moja nikaenda naye sokoni Majengo kwa mzee ninayenunuaga vitunguu, maana mizani ya nyumbani hakubali kuikalia hata sekunde mbili. Mzee akamwaga vitunguu, akamtia Zabibu kapuni, akalitundika kwenye ndoano. Mshale haukutulia kwa sababu mwenyewe alikuwa anahema, kila akihema unapanda na kushuka. Watu wakajaa. Dada mmoja wa nyanya akauliza, "Kilo shilingi ngapi?" Mzee akashika kapu kwa kidole, akasubiri, akasoma, akatoa uzito wa kapu kichwani kama anavyotufanyia siku zote: kilo tano na kidogo. Sema tano na gramu mia moja, akasema, hizo mia ni heshima.

Nikampigia muuzaji. Jamani, mimi sikwenda kwa shari. Nilisema tu, kaka, ulisema kilo mbili, huyu ana tano, tunaongeaje? Akakata. Baadaye akatuma ujumbe wa sauti, nyuma yake kuna watu wanacheka: "Dada, mbwa wa kizungu halishwi ugali wa uwele. Umemnenepesha mwenyewe huko Dodoma kwenu, usinisumbue." Nikajibu, nikaona tiki moja. Mpaka leo tiki moja.

Huko Dodoma kwenu! Yaani makao makuu ya nchi, mtu anapataja kama anataja zizi. Pesa ningemsamehe, wallahi. Ni hiyo "kwenu" ndiyo imenifanya niandike haya.

Nikampeleka Zabibu kwa daktari wa mifugo, nikitafuta ushahidi zaidi ya tiba. Daktari hakupima uzito kwanza. Alimsimamisha mezani, akachukua rula, akapima kutoka mezani mpaka juu ya bega. Sentimita 26. Akaniambia ugali haurefushi mfupa wa mguu. Kwa shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, Pomeranian ndiye mdogo kuliko wote katika ukoo wa spitz wa Kijerumani, mbwa wa manyoya mengi na masikio yaliyosimama, kimo chake sentimita 18 hadi 24. Akipita hapo anaingia kundi la kaka yake, spitz mdogo, la 24 hadi 30. Marekani wao wanaangalia uzito, pauni tatu hadi saba, yaani kama kilo 1.4 mpaka 3.2. Uingereza wanabana zaidi, na huko jike anaruhusiwa kuwa mzito kuliko dume. Na "wa kikombe"? Daktari akacheka. Akasema hakuna kipimo hicho kwenye vitabu vya chama chochote kinachoheshimika, ni neno la kuuzia.

Lakini akanituliza pia. Vipimo hivyo ni vya mbwa wa maonyesho na wa kuzalishia. Wanaokaa majumbani kama wangu wanafika kilo nne, tano, hata zaidi, na wazima kabisa, kwa sababu damu ya mababu wakubwa bado imo. Akanikumbusha Malkia Victoria wa Uingereza: mwaka 1888 alitoka na Pomeranian wake Marco kutoka Florence, Italia, na huyo alionekana kijimbwa cha ajabu kwa udogo. Alikuwa na kama kilo tano na nusu. Kumbe Zabibu ni mwembamba kuliko mbwa wa malkia!

Sasa hapa lazima niwe mkweli. Daktari alimpapasa mbavu, akatikisa kichwa, akasema nusu kilo hapa ni mafuta, na magoti ya mbwa hawa si ya kubebeshwa mzigo. Mama mkwe wangu humpa ugali na maziwa kila jioni nikiwa kazini. Nimemwambia, "Mama, naomba upunguze." Ananijibu kwamba mbwa asiyekula ni pambo. Haya, nusu kilo ni yetu. Itoe. Zinabaki kilo nne na gramu mia sita, bado amezidi kipimo cha Marekani kwa kilo 1.4, ambayo ni uzito wa Pomeranian mwingine mzima. Huyo naye nimemlisha mimi?

Nilitaka kumpa muuzaji nyota moja. Halafu nikafikiria: chanjo zilikuwa za kweli, mbwa hajaugua hata siku moja, na usiku akibweka hata bodaboda wanahama kwenye kona yetu. Mwenye kilo mbili angefukuza nani? Nikasema nitoe tatu. Zabibu mwenyewe nampa tano na simrudishi hata nikiletewa laki tisa mara mbili.

Nyota zile tatu za muuzaji nimezifuta. Juzi mdogo wangu, ambaye hajazuiwa na yule kaka, alinionyesha anachotangaza sasa. Picha ya mtoto wa Pomeranian, chini yake: "Wa kikombe, hakui zaidi ya hapa." Amelala juu ya kitenge cha bluu chenye alama ya pasi pembeni. Kitenge changu, alama niliichoma mimi, picha nilimtumia mwenyewe wiki ile ya kwanza nikimshukuru. Kitenge hicho sasa Zabibu akikilalia, miguu ya nyuma inabaki kwenye sakafu.