TAHADHARI: Muuzaji wa spea za breki za Landrover 109 "orijino za stoo ya misheni", msitume hela, na kama umeshafunga vitu vyake usiendeshe

Wakuu habari zenu, naandika hii haraka maana kuna watu nawajua kabisa sa hivi wanasubiri mzigo wa huyu jamaa na kuna wengine wameshafunga vitu vyake kwenye gari na wanatembea navyo barabarani. Kama we ni mmoja wao gari iache ilipo, soma kwanza.

Ni hivi, kuna mtu anauza spea za Landrover Series III, hasa 109 (ile ndefu), anasema ni orijino za Girling na Lucas zilibaki stoo ya misheni tangu miaka ya sabini na boksi hazijawahi kufunguliwa. Ana wili silinda, masta silinda (ile inayosukuma oili ukikanyaga pedeli), sili za breki (zile raba za ndani), oili ya breki, kabureta na hafshafti (zile shafti za kutoka kwenye difu kwenda tairi). Jina lake sitaji kwa sababu halitawasaidia, kwa huyu kajiita hivi kwa yule vile, namba anabadilisha, picha ya profaili anabadilisha. Vitu viwili ndo habadilishi, stori ya stoo (mara misheni, mara shamba la mkonge lililofungwa, mara kampuni ya barabara) na zile picha zake. Kuna picha ya meza ya mbao imepangwa wili silinda nyeusi mpya kabisa, ukiikuza pembeni unaona kikaratasi cha bei kina alama ya pauni. Stoo ya misheni ya Tanzania bei ya pauni imefikaje? Hiyo picha ni ya duka la Uingereza, ukiipitisha Google Lens inakupeleka huko huko.

Mi nimemjua kupitia mzee wetu mmoja hapa Morogoro, mwalimu mstaafu, ana 109 ya 1978 ambayo anaihudumia mwenyewe nyumbani chini ya mwembe, mi huwa naenda kumsaidia kazi za kulala chini ya gari. Huyo muuzaji alivyo na adabu sasa, kila meseji shikamoo mzee wangu, baba usijali, mi ni kama mwanao, na mzee akaona huyu kijana kalelewa. Akanunua seti nzima ya wili silinda, mbele nne nyuma mbili, maana 109 ngoma za mbele zina silinda mbili kila tairi, pamoja na masta silinda na chupa mbili za oili ya breki, jumla laki nne na nusu, nusu kabla nusu mzigo ukishapanda basi.

Na mzigo ukafika, hapo ndo nataka mnielewe vizuri. Huyu si yule tapeli wa kula hela na kupotea, angekuwa hivyo ungelia na hela yako ukalala ukaamka ukaendelea na maisha. Huyu anakutumia kitu, kiko kwenye boksi, kina rangi inang'aa, raba mpya, unafunga, pedeli inapanda vizuri, unaondoka nyumbani na familia.

Boksi ndo za kwanza kunipa wasiwasi. Zimechakazwa kingo zionekane za zamani, afu nyuma kuna anwani ya tovuti. Mzigo wa mwaka 1975 una tovuti! Nikamwambia mzee tusifunge chochote, tufungue kwanza silinda moja moja. Tukavua zile kofia za raba za pembeni, tukasukuma pistoni nje, tukafuta ndani kwa kitambaa kisafi tukamulika tochi. Ndani kuna mashimo ya kutu, yamepigwa msasa juu juu yakabaki vidoa vyeusi, ukipitisha kucha inakwama. Yani kachukua wili silinda zilizotupwa gereji, kazisugua, kazipulizia rangi nyeusi, kaweka raba za bei chee. Mbili kati ya hizo hata za 109 si zenyewe, ni za 88 (ile fupi) ambayo ngoma zake ni inchi 10 wakati za 109 ni inchi 11.

Kwa ambao hawajawahi kufungua breki, wili silinda kazi yake ni kusukuma breki shuu kwenye ngoma, na kinachozuia oili isitoke ni ile raba kwenye pistoni inayoteleza kwenye ukuta laini wa silinda. Ukuta ukiwa na mashimo raba inalika kidogo kidogo, oili inaanza kutoka, inamwagikia kwenye shuu, gari inavuta upande mmoja ukikanyaga. Hiyo ndo afadhali. Mbaya zaidi Series III nyingi zina mfumo mmoja tu wa breki kwa tairi zote nne, hazijagawanywa mbele na nyuma kama gari za siku hizi, kwa hiyo silinda moja ikiachia kabisa pedeli inazama mpaka chini na huna breki hata tairi moja. Sasa fikiria hilo likukute unashuka mlima Kitonga, nyuma yako lori la kontena.

Oili ya breki nayo. Chupa zina kizibo kizuri lakini kile kikaratasi cha kubana chini ya kizibo hakipo, na lebo imeandikwa DOT 4. Nikamimina kidogo kwenye glasi ya maji. Oili ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, inachanganyika na maji inapotea humo, hii ikaelea juu imetengana kama mafuta ya taa. Ni mafuta ya madini, labda hydroliki, labda oili ya injini iliyochujwa, vyovyote vile hayatakiwi kugusa raba za breki maana yanazivimbisha. Masta silinda raba zikivimba kile kitundu kidogo cha kurudishia oili kwenye kikopo kinazibwa, breki zinabaki zimeshika, ngoma zinapata moto, na baadae raba inakuwa laini kama ubani na kuchanika. Na ukishayamimina hayo mafuta kwenye mfumo husafishi ukamaliza, raba zote kuanzia masta mpaka tairi ya mwisho unatoa, bomba unazisafisha kwa spiriti, hozi za raba nazo unabadilisha. Nawaomba mtu yeyote mwenye chupa ya huyu jamaa afanye hilo jaribio la glasi leo, haligharimu kitu.

Raba zake nazo tulizijaribu. Tulichukua moja yake na moja tuliyonunua duka la kueleweka, tukazipima unene kwa venia, tukazitumbukiza kwenye oili safi ya breki ndani ya kopo lenye mfuniko tukaziacha siku kadhaa. Ya dukani ilitoka vile vile. Yake ilitoka imenenepa na ukiiminya inabonyea hairudi. Raba ya namna hiyo ukiifunga leo wiki ya kwanza utamsifia muuzaji.

Halafu hata angekuwa anasema kweli! Hili naona vijana wengi wapya kwenye Landrover hawajalijua, na tangu lile tamasha la Arusha la Oktoba 2024 lililokusanya Landrover zaidi ya 1,000 wapya ni wengi, jambo zuri mno, lakini matapeli nao wameona soko. Kitu cha chuma cha zamani kilichokaa boksini kikavu kinaweza kuwa bora kuliko kipya cha leo, sawa. Raba haiko hivyo. Raba iliyokaa stoo tangu miaka ya sabini imekauka, inapasuka ukiikunja, hata kama ni Girling halisi huifungi kwenye breki za gari inayobeba watu. Kwa hiyo mtu akikupigia debe kwamba sili zake ni za mwaka 1976 hazijaguswa, hiyo ni sababu ya kutonunua.

Hafshafti sikuziona kwa macho yangu, nimeambiwa na mdau wa Iringa aliyetumiwa. Yake ni 109 yenye difu ya nyuma ya Salisbury, kama zilivyo 109 nyingi za Series III, akatumiwa za difu ya Rover ambazo meno yake ni 10 wakati za Salisbury ni 24, haziingii hata kwa nyundo. Alipolalamika akaambiwa aongeze hela ya nauli abadilishiwe, akaongeza, ndo ikawa mwisho wa mawasiliano.

Na hapo kwenye kulalamika kuna mchezo wa pili. Ukimwambia mzigo ni mbovu hagombani na wewe, anaomba radhi sana, anasema fundi wake kakosea, hela yako anarudisha leo leo, ila salio lake limeshikiliwa na mtandao kwa hiyo umtumie elfu kumi na tano ya kufungulia muamala. Baadae anakupigia mtu mwingine anajifanya wa ofisi ya vifurushi stendi, kuna mzigo wako wa kubadilishiwa umefika unadaiwa ushuru wa stoo. Ni yeye huyo huyo au mwenzake. Mzee wetu alishaanza kutafuta hiyo elfu kumi na tano, nikamzuia. Ninachowaomba hapa, kama baba yako au mjomba ana gari ya zamani mwambie kwa mdomo, usisubiri aone mwenyewe mtandaoni, maana huyu anawalenga wazee makusudi, anajua wana mapenzi na gari zao na spea zimekuwa ngumu kupatikana.

Kama unanunua spea za mbali kwa mtu usiyemjua, mwambie akupigie video muda huo huo, avue kofia ya raba atoe pistoni akuoneshe ukuta wa ndani. Mwenye kitu kizuri atafanya, dakika mbili tu. Huyu wetu alipoombwa alisema ukifungua unaharibu uorijino. Angalia pia jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha kutuma hela, kwa mzee jina lilikuja la mwanamke wakati aliyekuwa anaongea naye ni mwanaume, akaambiwa ni la mke wake. Ukiweza nunua kwa kushika mwenyewe, kama uko Dar zunguka Gerezani na Shaurimoyo, au tuma ndugu anayejua, bora utumie nauli. Na kama silinda yako ya zamani mwili wake bado mzima haijachimbika sana, peleka karakana ya kukereza vyuma wakuwekee sleevu (bomba jembamba la chuma kwa ndani), weka raba mpya za kueleweka, mi naiamini hiyo kuliko boksi yoyote ya mtandaoni.

Sa hivi nasikia ameanza kutangaza na gari nzima, 109 "ya misheni" yenye kadi, anataka advansi ya kuishikilia. Sijaiona hiyo gari na sisemi ipo au haipo, ila mtu asitoe hata mia kabla hajafika akalinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikia, na ile ya kibati na ile ya kadi, afu akahakiki TRA. Bodi ya Landrover sehemu kubwa ni aluminiamu haioti kutu, kwa hiyo picha itakuonesha gari nzuri wakati chesisi chini imeliwa yote.

Kwa ambao mmeshafunga: usiseme mbona zinakamata vizuri. Pandisha gari kwa jeki, weka stendi au magogo imara, usiamini jeki peke yake, toa ngoma zote nne, inua ukingo wa kile kikofia cha raba cha wili silinda. Ndani kukiwa na unyevu wa oili inavuja tayari. Pakiwa pakavu bado toa pistoni uangalie ukuta. Raba usioshe kwa petroli wala dizeli, tumia oili safi ya breki au spiriti. Kama uliweka na oili yake, soma tena pale juu kuhusu glasi ya maji.

Mzee ameshachukua RB (namba ya ripoti) polisi, silinda, boksi, chupa na meseji zote tumezihifadhi. Waliotapeliwa na mtu wa stori hii nendeni mchukue RB kituo chochote cha karibu na msifute meseji wala risiti za miamala, na zile meseji za kuomba hela ya kufungulia muamala zitumeni 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Tukiwa wengi wenye namba tofauti ndo inaonekana ni mtu mmoja. Waliopokea mzigo wekeni picha za boksi kwa nyuma, sehemu yenye anwani ya tovuti, nataka tulinganishe kama zote zimechapwa sehemu moja. Wa Iringa, Mbeya na Songea mnaoshuka milima kila siku, angalieni zenu kwanza kabla ya kunijibu.