Kisutu au kanga yenye jina?

Ukienda kumtunza bi harusi wa pwani, dukani una njia mbili. Kisutu ni kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na aghalabu haina maandishi. Rangi zinatosha: Unguja hadi Mombasa, akiiona mtu anajua ni ya harusi. Mpe Mchina asiyeijua, jicho litakwenda kwenye wekundu, rangi ya harusi kwao pia. Weupe kwao tangu zamani ni wa msibani.

Kanga yenye jina, yaani msemo ulioandikwa, ni habari nyingine. Humo rangi ni pambo tu, neno ndilo linalosema. Niliwahi kumnunulia wifi yangu doti ya kijani kwa kupendezwa na maua ya mji wake, ile sehemu ya katikati, nisisome maandishi chini yake. Kumbe imeandikwa “Mdhaniaye ndiye siye”. Alishukuru, akaikunja polepole, akakaa miezi miwili bila kunipigia simu. Mtalii angejifunga ileile ufukweni na asijue kamsema nani.

Mie kwa wakwe napeleka kisutu. Zenye majina nawapa mashoga zangu, tunaojuana kwa mafumbo, na hata hizo siku hizi nazisoma mara mbili kabla ya kulipa.