Memori ya Xbox Series X na PS5: kilele ni kimoja, wastani ni mwingine

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua memori ya Xbox Series X na PlayStation 5, tukianza na namba za kasi ya kupitisha data zinazobishaniwa kila siku: gigabaiti 560 kwa sekunde upande wa Series X, 448 upande wa PS5. Zote mbili ni za kweli, ila ni za kilele, na hakuna gemu inayokaa kileleni muda wote.

Hesabu yake hii hapa kwenye skrini. Chukua upana wa njia ya memori kwa biti, zidisha na kasi ya kila pini, gawanya kwa 8. Mashine zote mbili zina GDDR6, aina ya memori ya michoro, ya gigabiti 14 kwa sekunde kwa kila pini. Biti 256 za PS5 zinatoa 448, biti 320 za Series X zinatoa 560.

Series X tuisogelee zaidi. Ina chipu kumi: sita za gigabaiti 2, nne za gigabaiti 1. Gigabaiti 10 zimetandazwa kwenye chipu zote, kwa hiyo zinakwenda kwa 560. Gigabaiti 6 zilizobaki zimo kwenye zile chipu sita kubwa tu, biti 192, na kasi yake ni 336. Wapo wanaopiga wastani kwa ukubwa wa kila upande wa memori hii, wa haraka na wa polepole, na kupata 476. Hesabu hiyo naikataa, kwa sababu kinachoamua ni data inayopita, si nafasi iliyopo. Tuchukulie pande mbili zinapokezana njia: asilimia 20 ya data ikitoka upande wa polepole, wastani ni kama 494. Ikifika asilimia 37.5 umeshuka hadi 448, sawasawa na kilele cha PS5. Kwa hiyo bafa za picha, yaani sehemu za memori zinazoshika picha inapochorwa, zikae upande wa haraka, na sauti iende ule mwingine.

PS5 nayo haishiki 448 mfululizo. Prosesa na GPU (chipu ya michoro) zinagombea memori ileile, na kila njia inapogeuka kutoka kusoma kwenda kuandika muda unapotea. Xbox One ya 2013 ni ushahidi mzuri: ESRAM yake, memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya chipu, ilitajwa kuwa na kilele cha 204, lakini wahandisi wa Microsoft wenyewe walisema kazi halisi hupata 140 hadi 150.

Sasa sahau sekunde, tazama fremu, yaani kila picha moja inayochorwa. Kwa fremu 60 kwa sekunde, Series X ina gigabaiti 9.3 kwa kila fremu, na hiyo ni kwa kilele. Weka moshi kwenye picha ya 4K, baiti 8 kwa pikseli. Kila tabaka la moshi linalojaza skrini linasoma rangi iliyopo kisha linaandika mpya: karibu megabaiti 133. Matabaka 20 ni gigabaiti 2.65, zaidi ya robo ya fremu nzima. Hata ukipewa 560 yote, ni milisekunde 4.7 kati ya 16.7. Kubana data ya rangi, na kache (memori ndogo ya haraka ndani ya chipu), hupunguza mzigo, lakini mlipuko wa fremu kumi unaweza kufichwa na wastani wa sekunde, na wewe mchezaji unauona gemu ikikwama.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, simama ndani ya moshi mzito kwenye hali ya ubora wa picha, kisha rudi nyuma mpaka moshi uwe mdogo kwenye skrini. Fremu zikipanda papo hapo, washukiwa ni memori na uwezo wa GPU wa kujaza pikseli. Zikibaki chini hata ukielekeza kamera angani, mkague prosesa kwanza. Angalia pia kingo za moshi panapogusana na ukuta: ukiona ngazi ngazi za vijiboksi, huenda watengenezaji wameuchora moshi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, na hapo mzigo umeshuka hadi robo. Mimi nauona ni uamuzi sahihi, kuliko kushusha picha nzima kwa ajili ya moshi.