Kutoa kwa kukopa: kanuni ya ubaoni au vijiti?

Mpe mtoto wa darasa la pili 42 − 17. Aliyekaririshwa kanuni tu mara nyingi huandika 35: ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, 7 toa 2. Anapigiwa mkasi mwekundu, yameisha.

Mwenye vijiti ana mafungu manne ya kumikumi yaliyofungwa kwa mpira, na viwili pembeni. Hawezi kugeuza kitu. Lazima afungue fungu moja. Sasa ana 12, anatoa 7, vinabaki 5. Anaondoa fungu jingine, yanabaki mawili: 25. Akikosea, mwalimu humuuliza, "Umefikaje hapo?" naye anahesabu upya mwenyewe.

Kanuni ni ya haraka, na kwenye darasa lililofurika vijiti ni vurugu tupu. Hata hivyo ningeanza na vijiti, kanuni ifuate.